Talaka Huvuka Mpaka, Matunzo Hukwama

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Naomba niingie moja kwa moja kwenye jambo linalozigusa familia zetu zilizotawanyika kati ya Tanzania na Uingereza. Ndoa ikivunjwa na mahakama ya nchi moja, huku mshahara, nyumba au watoto wakiwa nchi nyingine, sheria huwatenganisha wanandoa upesi, kisha hulegea pale mmoja anapotakiwa kumlipa mwenzake. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huitambua talaka ya mahakama ya nje iwapo mmojawapo alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi hiyo, au ameishi huko angalau miaka 2 kabla ya kufungua shauri. Aliyeachana na mkewe Leicester anaweza kurudi Mwanza akaoa tena bila kikwazo. Amri ya kumlipa matunzo mtalaka wake haimfuati kwa wepesi huo. Lazima ipitie serikalini, isajiliwe mahakamani, na hilo huwezekana tu kati ya nchi zilizokubaliana kukaziana amri hizo. Mpango wenyewe ni urithi wa himaya ya Uingereza: kwa sheria za Waingereza, Tanzania Bara imo katika utaratibu wa mwaka 1972, na Zanzibar ingali katika ule wa 1920. Anayefanya kazi Houston au Muscat hafikiwi kwa njia hiyo.

Ardhi ndiyo ngumu zaidi. Jaji wa London hana mamlaka ya kuhamisha umiliki wa kiwanja cha Goba. Anachoweza ni kumbana mwenye kiwanja maadamu yuko chini ya mamlaka yake. Hapa nanyi mnahusika, ndugu zangu, maana kiwanja hicho huenda kimeandikishwa kwa jina la kaka au la mama, na ukoo mzima unajua fedha za kukinunua zilitoka kwa nani. Anayekubali jina lake litumike kuficha mali ya wanandoa anashiriki katika dhuluma, hata kama amefanya hivyo kwa kumpenda nduguye.

Yuko pia mwanamke aliyebaki nyumbani, mume yuko Birmingham, naye ameshaambiwa kwamba hakuna la kufanya. Lipo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinamruhusu kufungua shauri la talaka bila kupita kwanza baraza la usuluhishi, ikiwa mume yuko nje na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6. Amri ya matunzo atakayoipata Bara inaweza kupelekwa Uingereza, na mahakama ya huko ikamwagiza mwajiri amkate mume mshahara. Wala talaka ya nyumbani haifungi kila mlango. Tangu sheria ya mwaka 1984, aliyeachika nje ya Uingereza anaweza kuiomba mahakama ya Uingereza ruhusa ya kudai mgawo wa fedha na mali, ikiwa mmoja wao ameishi huko mwaka mzima kabla ya maombi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimrudishia mke mwenye asili ya Nigeria pauni 275,000, ingawa mahakama ya Lagos ilikwishaamua mgawo wao kwa kiwango kidogo mno. Ila mtalaka akiolewa tena kabla ya kuomba, haki hiyo imekwisha. Mwambieni mapema.

Wapo watakaosema kwamba tunaleta desturi za Wazungu. Siioni hoja hiyo ikisimama. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Na Sheria ya Ndoa hiyohiyo inaheshimu ndoa ya Kiislamu kwa kuweka kikomo cha matunzo ya mke kwenye eda, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wengine watasema wazee wanatosha. Wazee wapatanishe, na wapewe heshima yao, lakini hawawezi kukata mshahara Birmingham. Makubaliano yao yaandikwe, yapelekwe mahakamani yapate nguvu ya amri. Hoja inayonigusa zaidi ni ya mume anayelea wazazi nyumbani huku akikatwa pauni kila mwezi. Mzigo wake ni wa kweli. Hata hivyo, sheria inamruhusu kuomba kiwango kipunguzwe hali yake ikibadilika. Akikimbia, deni linaongezeka na watoto wanakosa ada.

Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 2007 kuhusu matunzo ya watoto na familia. Umoja wa Ulaya umo tangu 2014, Marekani tangu 2017, na Uingereza imo kwa jina lake tangu 2021. Mkataba huo unaruhusu mahakama kukataa hukumu inayopingana waziwazi na misingi ya sheria za nchi, kwa hiyo hofu ya kupoteza mamlaka yetu haina msingi. Waulizeni wabunge wenu kwa nini Tanzania haimo. Wakati mnasubiri jibu, kila aliyeachika atunze nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, pamoja na ushahidi kwamba mwenzake alipewa taarifa ya shauri. Bila karatasi hizo, usajili unaweza kukwama hata kati ya nchi zilizokubaliana.

Wenu,
Ndugu yenu wa ughaibuni