Gurudumu Linalolia Lisikilizwe



Kila mmoja wetu anayefanya kazi karibu na magari alijua jambo hili. Dereva arudi karakana jioni, amwambia msimamizi ya kuwa gurudumu la nyuma linalia. Msimamizi amwuliza: "Gari linakwenda au halikwendi?" Linakwenda. "Basi kesho utoke nalo." Asubuhi gari latoka tena, nalo lalia vile vile. Na siku breki itakapokataa, wa kwanza kuulizwa ni dereva.

Sisi twasema mambo mawili. La kwanza, mlio wa gurudumu ni habari, na habari haitupwi kabla ya kusomwa. La pili, aliyeusikia auandike, na aliyeandikiwa ajibu. Mambo haya yafuatana, maana anayesema tu "gari linalia" hujibiwa upesi kuliko anayesema linalia wapi na wakati gani.

Kabla ya yote, kaza nati za gurudumu. Ukikuta zimelegea, gari lisiende hata hatua moja mpaka zikazwe na rimu itazamwe. Ukikuta ziko sawa, sikiliza mlio unakuja lini.

Ukija asubuhi baada ya mvua, ukaisha baada ya kukanyaga breki mara chache, hiyo ni kutu nyepesi juu ya chuma cha breki. Si ugonjwa. Ukija gari linapopita mashimoni, na kwenye barabara laini usisikike, usilaumu gurudumu. Tazama bushi za springi na shokabsoba. Gari likiwa limesimama, watu wawili waikandamize kona ya nyuma na kuiachia mara kadhaa. Mlio ukitoka, mmeupata bila kufungua nati hata moja.

Mlio unaofuata mzunguko wa gurudumu wataka kazi zaidi. Tia alama ya chaki kwenye tairi. Dereva aende mwendo wa mtu anayetembea, mahali penye nafasi, na mwenzake atembee kando, mbali kidogo na gari, akihesabu. Tairi la motokaa huzunguka mara moja kwa kila meta 2 hivi. Ukisikia mlio mmoja kwa kila mzunguko wa chaki, kuna kitu kinachogusana na gurudumu: breki, kifuniko cha rimu, au kijiwe kilichonasa. Lakini katika pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukisikia milio mitatu au minne kwa mzunguko mmoja, tazama viungo vya propela shafti vilivyokauka grisi. Shafti hiyo huzunguka mara tatu au nne hivi wakati gurudumu linazunguka mara moja. Mtu asiyehesabu aweza kununua beringi mpya, na mlio ukabaki pale pale.

Sasa kanyaga breki polepole wakati linalia. Mlio ukinyamaza au kubadilika, shuku breki kwanza. Pedi nyingi za breki za diski zina ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikikaribia kuisha, ulimi huo hugusa diski na kulia. Haukuwekwa kwa bahati mbaya. Uliwekwa ili dereva asikie. Katika breki za dramu, huenda lainingi zimeisha, au vumbi limejaa, au kamba ya breki ya mkono imekwama na breki inabaki imeshika. Gurudumu kama hilo hupata moto kuliko mwenzake. Baada ya safari fupi, karibia rimu kwa mgongo wa mkono bila kuigusa, upande wa kushoto na upande wa kulia, ulinganishe.

Beringi mbovu mara nyingi hunguruma kuliko kulia. Mngurumo hukua kwa kadiri ya mwendo, na hubadilika gari likipinda, kwa kuwa uzito huegemea upande mmoja. Kuipima, weka gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma. Inua kwa jeki, tia stendi ya chuma, ndipo ufungue breki ya mkono na kutoa gia. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, fundi afungue atazame. Kisha lizungushe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike springi: beringi iliyokwaruzika hutetemesha springi. Mtu ye yote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Na mambo mawili tunayakataza kabisa. Usimwage oili kwenye breki ili inyamaze. Itanyamaza, na kusimama haitasimama. Wala usipulize vumbi la breki kwa mdomo au kwa pampu ya hewa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huharibu mapafu miaka mingi baada ya kuvutwa. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo. Sisi watu wa reli twajua gurudumu linavyoonya, na tunao mfano ulio wazi. Tarehe 3 Februari 2023, gari-moshi la mizigo liliacha reli katika mji wa East Palestine, jimbo la Ohio, Marekani. Mabehewa 38 yaliacha njia, mengine yamebeba kemikali za hatari, moto ukawaka, na watu wakahamishwa majumbani mwao. Wachunguzi wa serikali walikuta chanzo ni beringi ya gurudumu la behewa moja iliyopata moto mpaka ikaharibika. Vipimo vya kando ya njia vilikuwa vimeupima moto ule mara tatu. Mara ya kwanza ulizidi joto la hewa kwa digrii 21 za Selsiasi, mara ya pili 57, mara ya tatu 141. Kengele ya kusimamisha gari-moshi ililia mara ile ya tatu tu, na wakati ulikuwa umepita. Beringi ilisema mapema. Walioweka kiwango cha kuisikiliza ndio waliokiweka juu mno.

Pikapu ya kazi haibebi kemikali za namna hiyo, lakini hubeba watu. Wapakizi wanaokaa nyuma hawana usukani wala breki. Maisha yao yashikwa na gurudumu lile lile linalolia.

Tena liko jambo la mshahara. Tumeona gari likiharibika njiani, na gharama kuwekwa mabegani mwa dereva aliyekwisha sema kwa mdomo mara mbili tatu. Maneno ya mdomo hayana shahidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa kila kinachovunjika. Kwa hasara ya mali aweza kukata kiasi cha haki, ikiwa imetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Na aliyeandika habari ya mlio kabla gari halijaharibika, nani atasema alifanya makusudi? Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari, na yakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamikia jambo lisilo salama.

Kwa hiyo twawaomba madereva wote. Andikeni katika daftari la gari: tarehe, namba ya gari, kilometa, gurudumu gani, linalia wakati gani, na mmefanya jaribio gani. Tieni sahihi, mpige picha ya ukurasa huo kwa simu. Mafundi nao waandike walichokikuta, na kama wamenyimwa saa au vipuri, waandike hivyo hivyo. Fundi aliyenyimwa pedi mpya si mwenye kosa, wala asikubali kulibeba.

Na kwa waajiri twasema kwa heshima: pedi zilizokwisha zikibadilishwa leo, mnanunua pedi. Mkingoja mpaka chuma kikwaruze chuma, mtanunua pedi na diski pia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Makatibu wa matawi waombe kuyaona madaftari ya magari mwezi huu. Mahali pasipo na daftari, waanze kwa kulidai.