Simu ifuatilie ugonjwa, isimfuatilie mfanyabiashara

Mzigo wa mahindi unaovuka Kobero asubuhi unaweza kufika Gitega kabla jua halijazama. Hupita Muyinga mjini, hukatisha Karuzi, na njiani hushikwa na mikono mingi: wapagazi, madereva, wapima mizani, madalali, na akina mama wanaonunua kwa gunia na kuuza kwa kilo. Ugonjwa wa kuambukiza husafiri kwa njia hiyo hiyo, nao hauhitaji karatasi ya forodha. Kwa hiyo swali la nani alikutana na nani, wapi na lini, si la madaktari peke yao. Ni swali la soko.

Wakati wa korona, dunia iliambiwa kwamba jibu la swali hilo limo ndani ya simu janja. Singapore ilitangulia Machi 2020 kwa programu iliyoitwa TraceTogether. Mei mwaka huo kampuni za Apple na Google zilitoa mfumo wa pamoja, na nchi nyingi zikafuata, Afrika Kusini ikiwa miongoni mwao. Namna ya kufanya kazi ilikuwa rahisi kueleza. Simu mbili zikikaribiana kwa muda, hubadilishana alama za siri kupitia Bluetooth. Mmoja wa wenye simu hizo akipimwa na kukutwa na virusi, simu zilizowahi kuwa karibu na yake hupokea taarifa, na wenye simu hizo huombwa wajitenge au wakapimwe.

Afrika Mashariki nayo ilichukua njia yake. Tarehe 12 Mei 2020 viongozi wa Rwanda, Kenya, Uganda na Sudan Kusini walikutana kwa njia ya video. Wakati huo malori yalikuwa yamejipanga kwa makumi ya kilomita kuelekea Malaba, kwa kuwa kila dereva alisubiri kupimwa na kila nchi ilitaka kipimo chake. Viongozi hao waliagiza vyeti vya vipimo vitambuliwe na nchi zote, na mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva ukamilishwe. Mfumo ukaja: dereva akawa na cheti chake ndani ya simu, na maafisa wa mpakani wakaweza kukisoma na kuona safari yake. Faida yake haikuwa ndogo. Kipimo kimoja kilichokubaliwa na kila nchi kilikuwa na thamani kuliko vipimo vitatu vinavyobishaniwa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara wa Muyinga hawezi kuyasahau. La kwanza, Burundi na Tanzania hazikuwamo katika kikao kile cha Mei, na mpaka wa Kobero na Kabanga ni wao. La pili, mfumo ule ulijengwa kwa ajili ya dereva wa lori. Mwanamke anayevuka kwa miguu na kapu la dagaa, kijana wa baiskeli mwenye ndizi, mchuuzi wa vitenge anayekwenda Ngara na kurudi siku hiyo hiyo, hawakuhesabiwa. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na ya majini tarehe 11 Januari 2021, malori ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea na mchuuzi alizuiliwa. Mwenye mzigo mkubwa alipewa programu. Mwenye mzigo mdogo alipewa kufuli.

Ugonjwa hauangalii ukubwa wa mzigo. Dereva hukutana na watu wachache kwa siku, tena wengi wao ni maafisa wanaoandika jina lake. Muuza dagaa hukutana na mamia, na hakuna anayewaandika. Mfumo uliomfuata dereva na kumwacha mchuuzi uliziba tundu dogo na kuacha mlango wazi.

Tuseme mchuuzi angeruhusiwa kuingia katika mfumo huo. Je, angeingia kwa kifaa gani? Wengi katika masoko ya Muyinga na Gitega hutumia kitochi. Simu hiyo hukaa na chaji kwa siku nyingi, jambo kubwa katika nchi ambayo ni miongoni mwa zile zenye umeme mchache zaidi duniani, na hutosha kupokea fedha za Lumicash. Haina nafasi ya programu ya Bluetooth. Hesabu inaonyesha uzito wa jambo hili. Wachukuliwe wauzaji kumi katika safu moja ya soko, wawili kati yao wakiwa na simu janja zenye programu. Watu kumi wanaweza kukaribiana wawili wawili kwa namna 45. Programu itaona namna moja tu, ile ya wale wawili. Nyingine 44 zitabaki gizani, na mtu akitazama kioo cha simu yake akaona hakuna taarifa, atadhani yu salama.

Hilo halina maana kwamba teknolojia hii ni upuuzi. Huko England na Wales, ambako watu wapatao milioni 16.5 waliitumia programu ya huduma ya afya mara kwa mara, watafiti walikadiria katika jarida la Nature mwaka 2021 kwamba ilizuia maambukizi ya mamia ya maelfu ndani ya miezi michache ya mwisho wa 2020. Waligundua pia kwamba kadiri watumiaji walivyoongezeka, ndivyo maambukizi yalivyopungua. Funzo lililopo hapo ni kwamba chombo cha aina hii hufanya kazi pale ambapo watu wengi wanacho na wengi wanakubali kukitumia. Kukosa kimoja kati ya hayo mawili ni kukosa vyote.

Na kukubali ni jambo gumu kuliko kununua simu. Singapore yenyewe ni ushahidi. Wananchi waliambiwa kwamba taarifa za TraceTogether ni za kupambana na korona tu. Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba polisi nao wanaweza kuzitumia katika upelelezi wa jinai. Watu walikasirika, na mwezi uliofuata ikabidi itungwe sheria ya kuwekea polisi mipaka, watumie taarifa hizo kwa makosa makubwa ya aina saba tu. Nchi ile ina simu za kutosha na utawala unaoheshimika, na bado imani ya watu ilitikisika kwa sababu ya ahadi moja iliyopindishwa. Ahadi ni deni, na deni la afya hulipwa kwa ukimya wa wagonjwa.

Katika masoko ya mpakani, sababu za kunyamaza ni nyingi zaidi. Mchuuzi akiulizwa namba ya simu mpakani, jambo la kwanza linalomjia akilini si daktari, ni kodi. Akiulizwa amepita njia gani, anakumbuka kwamba majuzi alipita njia ya panya. Akiulizwa alikaa karibu na nani, anajua kuwa akitaja majina, wenzake wanaweza kufungiwa meza zao, na kesho hakuna atakayemkopesha mzigo. Madereva wa malori walionja uchungu huo mwaka 2020, pale walipotazamwa katika miji ya mipakani kana kwamba wao ndio ugonjwa. Mtu mwenye hofu kama hiyo hutoa namba isiyo yake, na orodha yenye namba za uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni kweli, lakini anayeficha huwa na sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni bei. Burundi yenyewe imeona bei ikiondolewa. Julai 2020 serikali ya Rais Évariste Ndayishimiye ilipoanzisha kampeni ya upimaji wa bure, iliyoitwa kwa Kirundi "Ndakira, sinandura kandi sinanduza", yaani nitapona, siambukizwi wala siambukizi, watu walijipanga foleni wenyewe. Hawakuvutwa na programu yoyote. Walivutwa na kuona kwamba kujulikana hali zao hakutawagharimu.

Kuna atakayesema haya ni ya korona, na korona imepita. Haijapita sababu yake. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, na haukupita muda nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi barani. Ng'ambo ya Kobero, mkoa wa Kagera umepigwa na virusi vya Marburg mara mbili ndani ya miaka miwili: Bukoba Machi 2023, kisha Biharamulo Januari 2025. Biharamulo inapakana na Ngara, na Ngara inapakana na Muyinga. Katika mlipuko huo wa pili, wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki. Kwa mpox na kwa Marburg, aliyetangamana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Milipuko ile ya Kagera haikuzimwa na Bluetooth. Ilizimwa na wahudumu waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha za majina, wakirudi kila siku kuuliza hali na kupima joto.

Basi kazi iliyo mbele ya Jumuiya ya Afrika Mashariki si kuachana na simu, ni kuifanya simu imtumikie mhudumu huyo na mchuuzi huyo. Mambo manne yanahitajika, na yote yanawezekana kabla ya mlipuko mwingine.

Kwanza, mfumo uanzie kwenye kitochi. Mchuuzi ambaye amezoea kubonyeza nyota na namba ili apokee fedha anaweza kubonyeza vivyo hivyo kujiandikisha anapoingia sokoni, na kupokea ujumbe mfupi iwapo kumetokea mgonjwa katika safu aliyouzia. Ujumbe huo uje kwa Kirundi na Kiswahili. Asiye na simu kabisa aandikwe na kiongozi wa chama cha wafanyabiashara wa soko, na afuatiliwe na wahudumu wa afya ya jamii, wale waitwao kwa Kirundi abaremeshakiyago, ambao wanajua njia ya kila kilima.

Pili, daftari la afya litengwe na daftari la forodha. Namba iliyotolewa kwa ajili ya ugonjwa isiwe ndoano ya kodi, wala isifike kwa polisi au idara ya uhamiaji. Muda wa ufuatiliaji ukiisha, ifutwe. Haya yaandikwe katika sheria, yasiachwe katika hotuba. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Mchuuzi anayevuka mpaka hubeba jina lake kutoka nchi moja hadi nyingine, hivyo anastahili ulinzi wa kiwango kimoja pande zote mbili.

Tatu, anayeambiwa abaki nyumbani asiachwe afe njaa. Siku 21 bila mauzo humaliza mtaji wa muuza dagaa, na mkopo wa kikundi haungoji. Meza yake ilindwe, ushuru wa soko usimamishwe kwa siku hizo, na familia isaidiwe chakula. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kufunga mpaka wote kwa sababu mtu mmoja aliogopa kusema ukweli.

Nne, kipimo au cheti cha Gitega kitambuliwe Kabanga, na cha Ngara kitambuliwe Kobero, bila malipo mapya. Jumuiya tayari ina utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ili mdogo asitwishwe karatasi za mkubwa. Afya nayo inahitaji utaratibu wa namna hiyo.

Wafanyabiashara nao wana wajibu wao, na hakuna serikali itakayeutimiza kwa niaba yao. Vyama vya soko la Muyinga na la Gitega vinaweza kuanza kuweka daftari la safu leo, nani ameuza wapi siku gani, bila kungoja mfadhili. Anayejisikia homa asivuke kwa sababu tu siku ya soko imefika. Anayeulizwa na mhudumu wa afya atoe namba ya kweli. Na jirani aliyerudi baada ya siku zake 21 akiwa mzima apokelewe mezani kwake kama alivyokuwa. Kumtenga ni kuwafundisha wengine kuficha.

Mlipuko unaofuata hautatoa notisi. Utakapofika, afisa wa Kobero atamuuliza mwanamke mwenye kapu namba yake ya simu. Jibu atakalotoa litategemea yaliyofanyika sasa: kama anajua namba hiyo itakwenda wapi, nani ataisoma, na kama kesho atakuwa bado na meza ya kuuzia.