Kondo la Nyuma si Ngome

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali moja: taja kazi za kondo la nyuma. Majibu hufanana mno, kana kwamba wote walikaa darasa moja. Kondo humpatia mtoto chakula na hewa, huondoa takataka mwilini mwake, tena humkinga na vijidudu vya maradhi. Hawakuyabuni hayo, ndivyo walivyofundishwa. Lakini hilo la mwisho, likiachwa bila maelezo, ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoua watoto.

Ni kweli kwamba bakteria wengi hawapiti. Bakteria wa kaswende hupita. Kijidudu hiki chembamba, kilichojisokota kama parafujo, kilitambuliwa na Schaudinn na Hoffmann mjini Berlin mwaka 1905. Kwa muda mrefu vitabu vya udaktari vilishikilia kwamba hakiwezi kumfikia mtoto kabla ya mwezi wa nne au wa tano, ati kwa kuwa tabaka fulani la seli za kondo hukizuia. Mwaka 1976 Harter na Benirschke walikikuta katika vijusi vya wiki 9 na 10. Ngome iliyosifiwa haikuwapo.

Sikusudii kuorodhesha maradhi yote ya namna hii. Habari za rubela zajulikana tangu mwaka 1941, Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, alipotambua kwamba watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa na mama walioipata rubela mwanzoni mwa ujauzito. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo humpata mtoto zaidi wakati wa kuzaliwa, wala si kwa kupenya kondo. Naichagua kaswende kwa sababu dawa yake ni rahisi na ya zamani, na bado watoto wanakufa.

Uchunguzi uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, miongoni mwa akina mama ambao hawakupimwa wakati wa ujauzito, kaswende ndiyo iliyosababisha takriban nusu ya vifo vya watoto waliozaliwa wafu. Nusu! Wengine huzaliwa kabla ya wakati. Wengine huonekana wazima, kisha baada ya majuma machache hutokwa na upele, pua huvuja, ini na wengu huvimba. Mama mwenyewe mara nyingi hajihisi mgonjwa hata kidogo. Ndiyo maana kumsubiri aumwe ni kumpoteza mtoto. Tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa muda wa dakika 20 hivi, na siku hizi kipimo kimoja hupima kaswende pamoja na VVU. Kaswende changa hutibiwa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini. Ya siku nyingi huhitaji tatu, moja kila juma. Yafaa dawa itolewe angalau siku 30 kabla ya kujifungua, na mume naye atibiwe, la sivyo atamwambukiza mkewe upya.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, wenzangu waliniambia kwamba huo ni ugonjwa wa vitabu vya historia. Mwaka 2022 Marekani iliandikisha watoto zaidi ya 3,700 waliozaliwa na kaswende, karibu mara kumi na moja ya idadi ya mwaka 2012. Cuba, isiyo na utajiri huo, ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa imekomesha maambukizo hayo ya mama kwa mtoto. Basi tusisingizie umaskini peke yake.

Sisi walimu tunayo sehemu yetu. Kaswende huitaja upesi upesi katika somo la magonjwa ya zinaa, kwa sauti ya kukemea, na mwanafunzi hujifunza aibu kabla hajajifunza baiolojia. Mahali pake pa pili ni katika somo la uzazi, siku ile ile ya kuchora kondo la nyuma ubaoni. Watasema muhtasari hauruhusu. Muhtasari haukatazi swali, nami napendekeza hili: mama mwenye mimba ya wiki 12 hana dalili yoyote, lakini kipimo kinaonyesha ana kaswende, eleza kwa nini asingoje mpaka mwezi wa nane.