Okidi si Mgomba

Safari hii safu yetu inahusu ile okidi ya chumba cha chama, aliyotuachia Mwalimu alipostaafu. Ilitufikia ikiwa na majani matatu, yote yamelegea na kukunjamana. Idarani walishauri itupwe.

Kila aliyeiona alisema ina kiu. Kumbe imezama! Hii ni Phalaenopsis, okidi inayouzwa mno hapa Uingereza. Kwao, Asia ya Kusini-Mashariki, huota juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Hainyonyi mti, ni mpangaji tu. Mizizi yake imevikwa ngozi kama sponji, hufyonza mvua upesi kisha hutaka upepo. Ikikaa majini huoza, na mzizi uliooza haupeleki maji kwenye jani. Bibi zetu hupanda mgomba pale maji ya bafuni yanapotokea, nao hunenepa. Okidi ingekufa.

Mwezi Machi tuliitoa chunguni. Mizizi migumu tuliiacha. Ile ya kahawia, iliyobonyea kama tambi zilizopikwa kupita kiasi, tuliikata kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Ikabaki minne. Wapo wanaonyunyizia mdalasini kwenye majeraha. Wetu tuliuacha kwenye chai. Tukaipanda upya katika vipande vya magome ya msonobari, bila udongo hata chembe, ndani ya chungu cha plastiki chenye matundu, kinachoonyesha ndani. Sasa mizizi yenyewe inatuambia: ikiwa ya kijani, tunaiacha, ikigeuka rangi ya fedha, tunamwagilia na kuacha maji yachuruzike yote. Kwetu huwa kila baada ya siku 7 hadi 10.

Majani ya zamani bado yamekunjamana, na huenda yasinyooke tena. Lakini mwishoni mwa Mei ilichomoza ncha ya mzizi mpya, ndogo kuliko punje ya mchele. Tulipigiana simu! Maua bado sana. Hayo huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi.

Tatizo ni likizo. Chumba kitafungwa Julai na Agosti. Hatumtaki mwenye huruma nyingi na jagi mkononi. Anayebaki mjini, mwenye dirisha linalotazama mashariki, atuone kabla mitihani haijaisha.