Pipa la Dizeli Si Kadari



Leo tuna jambo linalotuuma wengi wetu wenye maduka madogo na vyerehani, na hatulisemi ila tukiwa wenyewe barazani. Ni mzigo unaoharibikiwa njiani, na kunyamaza kwetu.

Mwezi wa Shaabani tulinunua Kariakoo majora 12 ya vitambaa vya nguo za Idi. Tukayafunga marobota mawili, tukalipa nauli ya mzigo, tukapewa risiti. Chombo kilipofika Malindi, robota moja lilikuwa linanuka dizeli tangu mbali. Majora 5 yameloa mpaka ndani. Mchukuzi hakutuficha: pipa la dizeli liliwekwa juu ya marobota yetu, likavuja njia nzima. Jora moja tulilinunua shilingi 300,000, kwa hiyo hasara ni 1,500,000, na wateja wameshatanguliza pesa zao.

Ofisini karani akatuonesha mstari mdogo chini ya risiti: mzigo husafirishwa kwa dhamana ya mwenyewe. Kisha akatupa mawaidha. “Kina mama, hiyo ni kadari ya Mungu. Subirini, Mungu atakulipeni.”

Hapo ndipo tulipokataa, na tunaomba nanyi mkatae.

Kadari tunaiamini, ni nguzo ya imani yetu. Bahari ikichafuka, chombo kikapigwa na mawimbi, nahodha akamwaga mizigo kuokoa roho za watu, tutasema innaa lillahi na tutanyamaza. Lakini pipa la dizeli halikupanda lenyewe juu ya vitambaa. Liliwekwa na mkono wa mtu aliyelipwa kuupanga mzigo. Kumsingizia Mungu uzembe wa binadamu si ucha Mungu hata kidogo.

Sisi ni mafundi. Mteja akituletea kitambaa cha yadi 3 tukakiunguza kwa pasi, nani kati yetu humwambia, “Bibie, kadari hiyo, subiri”? Tunashika mkoba, tunakwenda dukani kumnunulia kingine, faida ya wiki nzima inaondoka. Na haki ndiyo hiyo. Basi linalotubana sisi kwa yadi 3 kwa nini lisimbane mwenye chombo kwa majora 5?

Wala hatuyatoi haya kichwani mwetu. Wanazuoni wametofautiana kwa mengi kuhusu anayeshika mali ya watu kwa ujira, lakini akizembea au akivuka mpaka, wanakubaliana kuwa analipa. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwatoza mafundi mali zilizoharibika mikononi mwao, kwa kuona kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hivyo. Mzigo ni amana. Mstari mdogo wa risiti haugeuzi amana kuwa jaa la mapipa.

Tuliandika barua, tukataja tarehe, namba ya risiti, idadi ya majora na bei ya kila moja, tukaambatanisha picha na risiti za Kariakoo. Tukabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Tulikwenda na kurudi wiki tatu. Mwisho tulilipwa 900,000. Zilizobaki tulizikosa kwa kosa letu wenyewe: tulitia saini kuwa tumepokea mzigo salama kabla ya kulifungua robota, na karatasi ile ndiyo waliyotubana nayo.

Kwa hiyo, dada, usitie saini kwa haraka hata wachukuzi wakikupigia kelele. Fungua, hesabu, piga picha. Ukiona kasoro, iandike kwenye karatasi ileile ya kupokelea, kisha ndipo utie saini. Kilichoharibika usikitupe, ndicho shahidi wako. Peleka madai kwa maandishi siku hiyohiyo, kwani maneno ya mdomo hupeperuka. Wakikupiga danadana, ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara hapa hapa Zanzibar, na kumlinda mtumiaji ni katika kazi zake.

Na mnaoleta mali kwa ndege kutoka Dubai au Guangzhou, jueni kuwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unataka malalamiko ya shehena iliyoharibika yaandikwe ndani ya siku 14 tangu kuipokea, na ndani ya siku 7 kwa begi la abiria. Siku zikipita, hata uwe na haki vipi, madai huanguka.

Kuna wanaotuambia, “Mwanamke mwenye stara hagombani bandarini. Sameheni.” Tunawajibu kwa adabu: kusamehe ni haki ya aliyedhulumiwa, hakuagizwi na aliyedhulumu. Tena hatukutukana wala kupaza sauti. Tulikaa kwenye kiti na mabaibui yetu tukasubiri jibu. Kudai haki yako kwa heshima hakuvunji stara. Kinachovunja stara ni kukimbizana na wateja wanaodai nguo zao mkesha wa Idi.

Na sisi tujichunge. Yakiloa majora 5, tudai 5, tusiandike 7. Mzigo tuliofunga vibaya kwa ubahili wa kamba na nailoni, tusimtwishe mwengine lawama. Anayedai haki kwa uongo ameshafanana na anayemdai.

Yule Bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Risiti, picha na barua ndiyo kamba yetu. Tufunge, kisha tutegemee.

Mwenyezi Mungu abariki biashara zetu na atukinge na dhulma, ya kudhulumiwa na ya kudhulumu. Aamin.