Mwacheni Aang Awe Mtoto

Kuna watu wawili ambao huniharibia kila mazungumzo kuhusu Avatar: The Last Airbender. Wa kwanza ni yule anayepita nyuma ya kochi, anaona mvulana mwenye kipara na mshale wa buluu kichwani amepanda nyati wa miguu sita anayepaa, kisha anauliza: "Kwani wewe bado unaangalia katuni?" Huyu tumemzoea. Kila familia inaye, na Krismasi ikifika utampata amekalia rimoti.

Wa pili ni shabiki mwenzangu. Akisikia swali hilo anaruka kama aliyemwagiwa chai ya moto. "Hapana Anko, hii si katuni ya watoto. Hii ni mambo mazito." Halafu anaanza kuorodhesha: mauaji ya halaiki, ubeberu, serikali inayowapotosha raia, baba anayemchoma mwanawe usoni. Anaongea mpaka Anko anasalimu amri na kurudi kwa habari za saa moja, na shabiki wetu anaona ameshinda.

Ugomvi wangu ni na huyu wa pili. Anko hajui anachokisema, basi tumsamehe. Lakini wewe umeangalia sehemu zote 61, kutoka kitabu cha Maji hadi cha Moto, na bado unaona njia pekee ya kuutetea msururu huu ni kuwanyang'anya watoto walioandikiwa? Hiyo si sifa. Ni aibu yako unaivisha koti la uchambuzi.

Tuanze na lililo wazi. Avatar ilionyeshwa na Nickelodeon, kituo cha watoto, kati ya mwaka 2005 na 2008. Waliobuni, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, hawakukosea mlango. Shujaa wao ana miaka 12. Amekaa ndani ya barafu miaka 100, dunia imeharibika akiwa humo, na anapofungua macho jambo la kwanza analomuuliza msichana aliyemwokoa ni kama wataenda kuteleza na pengwini. Ukikata hiyo pengwini ukidhani umebakisha "hadithi yenyewe", hujabakisha kitu. Uzito wote wa msururu umesimama hapo: huyu anayetakiwa kusimamisha vita ni mtoto, na anataka kucheza.

Ndiyo maana sehemu ya tatu inauma vile inavyouma. Aang anarudi kwenye hekalu alikolelewa, na njia nzima anawasimulia wenzake michezo waliyokuwa wakicheza na keki alizokuwa akioka mzee Gyatso, mlezi wake. Kisha anaingia kwenye kibanda na kumkuta Gyatso: mifupa, mkufu shingoni, na mabaki ya askari wa Taifa la Moto yamemzunguka. Hakuna damu. Hakuna anayetueleza kilichotokea. Mtoto anayeangalia anaelewa kwamba mzee amekufa na Aang amebaki peke yake. Mtu mzima anahesabu zile kofia za askari sakafuni na kuelewa kwamba mtawa mpole alipigana mpaka mwisho, na kwamba haya yalifanyika katika kila hekalu. Wote wawili wameangalia picha moja. Hakuna aliyedanganywa.

Sasa linganisha na walivyofanya wakubwa walipojiandikia yao. Netflix walipotoa toleo la waigizaji mwaka 2024, mauaji hayo yalihamishwa yakawekwa mwanzoni kabisa. Tunaonyeshwa watawa wakichomwa, moto kila mahali, muziki unalia. Ni toleo la watu wazima, si ndiyo? Lakini ni jepesi zaidi. Umeona watu usiowajua wakifa, kama vile kwenye filamu yoyote ya Jumamosi. Kwenye katuni ulikuwa umesimama nyuma ya mtoto aliyekuwa na hamu ya kufika nyumbani.

Na si hapo tu. Kwenye katuni, Sokka anaanza akiwa mvulana wa kudharau wasichana: vita ni kazi ya wanaume, kushona ni kazi ya wanawake. Katika sehemu ya nne anapigwa kirahisi na mashujaa wa kike wa kisiwa cha Kyoshi. Inabidi apige magoti mbele ya kiongozi wao, Suki, aombe kufundishwa, na avae nguo zao na rangi zao za uso. Watoto wanacheka sana hapo. Lakini toleo jipya lilipokuwa linakaribia kutoka, waigizaji wake walieleza kwamba ubaguzi huo wa Sokka ulikuwa umepunguzwa. Yaani wakubwa waliona ugonjwa unachukiza, wakaondoa ugonjwa pamoja na kupona kwake. Filamu ya M. Night Shyamalan ya mwaka 2010 ilikuwa imeshakosea kwa njia hiyohiyo: ikamnunisha kila mtu, ikaondoa utani, ikaishia kubeba Razzie ya filamu mbovu zaidi ya mwaka. Mara mbili watu wamejaribu kuikuza Avatar, na mara mbili imetoka ikiwa ndogo.

Najua utaniambia siri ya katuni nzuri ni kwamba ina orofa mbili: vichekesho vya mwili kwa watoto chini, vijembe vya siri kwa wazazi juu. Katuni nyingi za sinema zimejengwa hivyo, na sizichukii, lakini hiyo ni biashara ya kumlipa mzazi fidia kwa sababu amelipa tiketi. Avatar haina orofa. Chukua yule mchuuzi wa kabeji. Kila akitokea, mkokoteni wake unapinduliwa au kabeji zake zinaharibiwa, naye analia juu ya mboga zake. Mara ya kwanza kabisa, wanaomharibia ni walinzi wa lango la mji wa Omashu. Mtoto wa Nairobi anacheka kwa sababu kabeji zimeruka. Wewe uliyewahi kuona kanjo wakimshukia mama mboga kando ya barabara pia unacheka, halafu kicheko kinakwama katikati ya koo. Hakuna kijembe kilichofichwa hapo. Ni kabeji zilezile.

Au chukua Iroh, ambaye nadhani ndiye ufunguo wa jambo hili zima. Kuna sehemu kwenye kitabu cha pili, The Tales of Ba Sing Se, ambapo mzee huyu anazunguka mjini siku nzima akinunua vitu vya pikiniki. Njiani anamtuliza mtoto anayelia kwa kumwimbia. Anakutana na kijana aliyetaka kumwibia, anamrekebisha namna ya kusimama kwa sababu mwizi huyo hata hajui kukaba, kisha anakunywa naye chai na kumsikiliza. Jioni anapanda mlima, anaweka picha ya kijana chini ya mti, na kuimba wimbo uleule aliomwimbia mtoto barabarani. Safari hii hawezi kuumaliza bila kulia. Kijana wa kwenye picha ni mwanawe, Lu Ten, aliyekufa vitani nje ya kuta za mji huuhuu. Na jenerali aliyeuzingira mji huo kwa siku 600 alikuwa Iroh mwenyewe.

Mtoto wa miaka tisa anajua: huyu babu ana huzuni, amempoteza mtoto wake. Inatosha, na ni kweli. Mtu wa miaka thelathini anajua pia kwamba mzee huyu ametumia siku nzima kuwasaidia watoto wa watu wa mji aliotaka kuuteketeza. Sehemu hiyo iliwekwa wakfu kwa Mako, mwigizaji aliyempa Iroh sauti, ambaye alifariki mwaka 2006.

Hii ndiyo sababu watu hurudia Avatar na kukuta imebadilika. Haikubadilika. Ulipokuwa kijana ulikaa upande wa Zuko: umekasirika, umefukuzwa kwenu, unamtafuta baba ambaye hakutaki. Ukirudi na madeni ya kodi ya nyumba na mdogo wako asiyepokea simu, unajikuta umekaa upande wa anko wake, unamwangalia kijana akikosea na huwezi kufanya lolote ila kumchemshia chai. Zuko anapokuja kuomba msamaha, amekaa usiku kucha nje ya usingizi wa mzee akitunga maneno. Iroh anaamka, hamwachi hata amalize sentensi, anamvuta kifuani. Sijui ni umri gani ambao haulii hapo. Nimeona mwanaume wa gereji akisingizia vumbi.

Ajabu ni kwamba hapa kwetu walioichukulia katuni kwa uzito zaidi kuliko sisi sote ni wapiga marufuku. Mwaka 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu nchini ilizipiga marufuku katuni sita, ikiwemo The Legend of Korra, mwendelezo wa Avatar, kwa madai kwamba zinaeneza ushoga. Sikubaliani nao hata chembe. Lakini angalau walijua jambo ambalo Anko na shabiki wake hawalijui: kwamba mtoto aliyekaa mbele ya televisheni anafikiri. Walichohofia ni kufikiri huko.

Na hofu hiyo iko pia kwenye vitabu tunavyowapa. Ndiyo sababu jambo hili linanikera kuliko inavyostahili katuni ya Wamarekani iliyochorwa na studio za Korea. Fungua kitabu cha hadithi cha shule. Kuna mtoto mtiifu na mtoto mkaidi. Mkaidi anavunjika mguu. Mwisho kuna maswali: hadithi hii inatufunza nini? Tunawaandikia watoto kana kwamba ni washukiwa. Halafu wakikimbilia katuni za ng'ambo tunasema wamepoteza utamaduni.

Utamaduni upi? Paukwa, pakawa haikuuliza umri wa mtu. Kwenye ngano, zimwi lilimeza kijiji kizima na mifugo yake, na waliokuwa wakisikiliza ni mtoto wa miaka minne, shangazi yake na babu aliyejifanya amelala. Mtoto aliogopa zimwi. Shangazi alijua zimwi ni nani pale kijijini. Msimuliaji hakusimama katikati kusema, "Sasa wadogo watoke nje, tunaingia mambo mazito." Sungura alidanganya, akaiba, akashinda, na hakuvunjika mguu hata mara moja.

Na usiniambie hatuna mikono. Tinga Tinga Tales ilichorwa hapahapa Nairobi, ikaenda mpaka BBC. Mikono tunayo. Kinachokosekana ni mtu mwenye pesa na kiti cha kuzunguka atakayekubali kwamba mtoto wa Kayole anaweza kuachwa na swali lisilo na jibu.

Kwa sababu Avatar huwaacha nayo. Kuna sehemu Aang anaingia kisirisiri katika shule ya Taifa la Moto, na mwalimu anawafundisha jinsi taifa lao lilivyolishinda jeshi la Wahamaji wa Hewa. Aang, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watu hao, anasema hawakuwa na jeshi. Mwalimu anamuuliza kwa dharau atajuaje kuliko kitabu cha taifa. Basi. Hakuna anayemwaibisha mwalimu, na kitabu hakibadilishwi. Nchi ambayo babu zetu walikaririshwa kwamba mzungu ndiye aliyeugundua Mlima Kenya haihitaji kuelezewa utani huo.

Halafu kuna Katara. Mamake aliuawa na askari Katara akiwa mdogo. Karibu na mwisho anamtafuta muuaji, anampata: mzee dhaifu anayetumwa sokoni na mamake, amelowa mvua, anaomba asiuawe. Katara anaisimamisha mvua hewani, anaigeuza kuwa barafu yenye ncha, anaielekeza usoni mwake, na kuiacha ianguke. Baadaye Aang anafurahi, akidhani amemsamehe. Katara anamwambia hapana, hajamsamehe, na hatamsamehe kamwe. Kisha anamgeukia Zuko, mtu mwingine kabisa, na kumsamehe huyo.

Hebu peleka hiyo kwa mhariri wa vitabu vya Gredi ya Nne, uone kalamu yake nyekundu itaanzia wapi.