Hisa Moja, Bei Mbili

Vijana wetu wengi watuuliza siku hizi: je, yafaa mtu mwenye akiba ndogo anunue hisa za kampuni inayokua na kutoa gawio kila mwaka, akaziweka miaka mingi kwa ajili ya wanawe? Twapenda kulijibu swali hili kwa kuitazama kampuni moja ijulikanayo katika kila nyumba ya Kenya, nayo ni Safaricom.

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo, kila moja kwa shilingi 5. Watu mamia ya maelfu waliomba kununua, na wengine wakakopa benki ili wasipitwe. Haukupita muda bei ikaporomoka hata ikakaribia shilingi 3. Aliyekopa alikuwa na mdai mlangoni. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja, na mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Kisha ikashuka tena, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya shilingi 15.

Sasa na tufanye hesabu. Kwa mwaka ulioishia Machi 2025 gawio lilikuwa shilingi 1 na senti 20 kwa kila hisa. Aliyenunua kwa shilingi 5 alipata shilingi 24 kwa kila 100 alizotoa. Aliyenunua kwa shilingi 40 alipata 3 tu, na kabla hata hizo hazijamfikia, mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5. Kampuni ni moja, gawio ni moja. Kilichowatenga watu hawa wawili ni bei waliyolipa. Basi mtu akikwambia kwamba kampuni fulani ni nzuri, bado hajakwambia kama hisa yake yafaa kununuliwa leo.

Halafu tuulize gawio latoka wapi. Hisa zote ni kama bilioni 40, kwa hiyo gawio la mwaka ule lilikuwa shilingi bilioni 48, na faida ya wenye hisa ilikuwa karibu bilioni 70. Hapo gawio limetoka katika faida, na kitu kimebaki cha kuendeleza kazi. Ziko kampuni zigawazo fedha za kukopa ili zisifiwe, mfano wa mtu anayemchinja ng'ombe wake wa maziwa apate kuwakirimu wageni.

Na je, kampuni yakua? Huduma ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2007 sasa huleta zaidi ya shilingi 2 katika kila 5 za mapato ya huduma zake. Lakini gawio lilikuwa shilingi 1 na senti 40 kwa mwaka ulioishia Machi 2020, nalo likawa shilingi 1 na senti 20 kwa kila mwaka katika mitatu iliyoishia 2023, 2024 na 2025. (Na akina mama wajua kwamba shilingi ya 2025 hainunui unga wa shilingi ya 2020!) Sababu kubwa ni Ethiopia. Kampuni ilianza kazi huko Oktoba 2022, na shamba jipya hula mbegu kabla ya kutoa mavuno; tena Julai 2024 sarafu ya nchi ile iliachwa ifuate soko, ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kabla mwaka haujaisha. Huenda shamba likazaa. Lakini anayenunua leo hana budi kujua kwamba anailipia Ethiopia pia, na asome hesabu za miaka mitano, si za mwaka mmoja uliopendeza.

Liko jambo lipasalo kutangulia hesabu zote hizi. Tangu 2019 kampuni, pamoja na benki, hutoa huduma ya Fuliza, ambayo humkopesha mteja na kumtoza ada kwa siku. Baraza la Fiqhi la Jeddah liliamua mwaka 1992 kwamba asili ni kutoruhusiwa hisa za kampuni iliyochanganya kazi ya halali na riba. Shirika la AAOIFI la Bahrain limeruhusu kwa vipimo: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa sokoni, mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5, na mwenye hisa aitoe sehemu hiyo katika gawio lake. Ukurasa huu hautoi fatwa. Msomaji na amwendee mwanachuoni amwaminiye, akiwa na hesabu za kampuni mkononi, kabla ya kumwendea dalali.

Na akishanunua, aiandike namba ya akaunti yake ya hisa pamoja na wasia wake, na mkewe ajue ilipo. Wako wajane na mayatima wasiojua kwamba marehemu alikuwa na hisa, na gawio lao lipo limelala, halina wa kulidai.